Ng'ombe Niliyemwita Dada

"Fungua simu, mwanangu. Wape wasikie."

Baba alisema hivyo mbele ya kijiji kizima, mkono wake ameunyoosha kunielekea mimi.

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Wafugaji waliokaa kwenye mabenchi wakageuka wote. Mama alikuwa amesimama mlangoni, akafumba macho.

Simu ninayo mkononi. Chaji ipo, bando lipo...

Sauti ndizo hazikuwepo.

"Jeremia," baba akaniita tena kwa upole. "Fungua. Watu wanasubiri."

Ndugu zangu mnaosoma hapa, mimi nimeshapigwa, nimeshaibiwa, nimeshaachwa na mwanamke mchana kweupe pale stendi ya Ifakara. Lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoiogopa simu yangu mwenyewe siku ile.

Ngoja niwarudishe nyuma mjue nilifikaje pale. Na naomba msiwahi kunitukana. Matusi nitayapokea, ila mwishoni.

Naitwa Jeremia Shilinde. Wazazi wangu ni Wasukuma, walihamia bonde hili la Kilombero na ng'ombe wao kabla sijazaliwa. Boma letu liko ng'ambo ya mto, ukishavuka daraja la Kivukoni unashika njia ya kuelekea Malinyi. Nimezaliwa peke yangu. Sina kaka, sina dada.

Utoto wangu wote nimechunga. Ng'ombe wa baba nilikuwa nawajua kwa sura, kwa mwendo, hata kwa kukohoa. Msicheke jamani, ng'ombe anakohoa, na kila mmoja ana kikohozi chake.

Nilipokua nikahamia mjini Ifakara, nikafungua kibanda cha kutengeneza simu. Hapo ndipo Lukelo aliponikuta.

Lukelo alikuwa mtu wa Dar. Shati jeupe, miwani, maneno laini. Alileta simu yake nibadilishe kioo, akanisikia naongea na baba habari za mtamba aliyepotea bondeni.

"Mzee wako ana ng'ombe wangapi?" akaniuliza.

"Wa kutosha," nikamjibu. Kwetu mgeni hatajiwi idadi ya ng'ombe.

Akacheka. Akaniambia ana kampuni changa inaitwa Sura, inatumia akili mnemba. Unampiga ng'ombe picha ya uso, simu inakutajia jina lake, umri wake na mwenye mali.

"Mambo ya kuchoma chapa na kukata masikio yanakwisha," akasema. "Wizi wa mifugo unakwisha. Kesi zinakwisha."

"Na inafanya kazi?"

"Inajifunza."

Wakuu, hilo neno "inajifunza" nililisikia mwaka mzima na zaidi. Sijawahi kuona mwanafunzi mzito vile.

Wiki ya kwanza tuliijaribu bomani kwetu. Ikamsoma dume la baba kuwa jike. Ikamsoma mbuzi wa jirani yetu, Mzee Mhoja, kuwa ng'ombe wa miaka saba. Siku nyingine ikapiga picha ndoo ya maji, ikasema mmiliki ni Shilinde. Hapo angalau ilisema kweli, maana ndoo ilikuwa yetu.

Lukelo hakutetereka. Alikuwa ameshaalika waandishi wa habari.

Walikuja na magari mawili. Aliyekuwa anangojewa zaidi ni Nelly, mtangazaji wa runinga ya mtandaoni mwenye wafuasi kibao. Kabla kamera hazijawashwa Lukelo akanivuta nyuma ya gari lake.

"Mtandao wa huku mbovu, mfumo unaweza kugoma," akaninong'oneza. "Wewe kaa humu ndani. Vioo vyeusi, hakuna atakayekuona. Ng'ombe akipita, andika jina lake kwenye simu hii, litatokea kwenye ile atakayoshika Nelly. Ni leo tu."

"Sasa huo si uongo?"

"Jeremia, wewe si unawajua? Basi jina litakalotokea ni la kweli. Uongo uko wapi hapo?"

 Jibu nilikuwa nalo, nikalimeza, maana alikuwa ameshaniahidi cheo. Mkuu wa teknolojia. Mimi, fundi simu wa kibandani.

Nikaingia kwenye gari.

Ng'ombe wakaanza kupita mmoja mmoja mbele ya Nelly, mimi naandika. Milembe. Mwendo. Pembe Moja. Jina linatokea, sauti ya mashine inalisoma, Nelly anamuuliza baba, "Ni yeye?" na baba anaitikia, "Ni yeye."

Mara akapita ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, mzee kuliko wote bomani. Jina lake Kabula. Lakini vidole vyangu vikaandika jina jingine bila hata kufikiri.

Simu ikasema, "Dada."

Baba akamwangalia ng'ombe. Akaiangalia simu. Kisha akacheka... kile kicheko chake cha chini, cha kifuani, mkono ameuweka mdomoni.

"Ni yeye?" Nelly akauliza.

"Ni yeye," baba akasema. "Hiyo inawajua kweli."

Mnaikumbuka hiyo klipu? Wengi wenu mliisambaza, msikatae. Iliandikwa, "MZEE ABAKI MDOMO WAZI, SIMU YAMTAJA NG'OMBE WAKE KWA JINA."

Boma la Mzee Mhoja lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Kati ya waandishi wote wale, hakuna aliyesema, hebu tuleteni na ng'ombe wa jirani tuone.

Basi ikawa habari ya mjini. Gazeti moja likaandika, jingine likaandika kwamba lile limeandika. Redio zikanipigia. Wakaniita "kijana wa Kisukuma aliyeifundisha mashine". Lukelo akanichukua Dar, akaninunulia suti, tukapanda jukwaani kupokea tuzo ya ubunifu. Nilipiga picha na watu ambao sikuwa hata na namba zao.

Na mimi niliipenda hali ile. Siwadanganyi. Nilikuwa najisoma mtandaoni kila asubuhi kabla sijapiga mswaki.

Baada ya miezi mitatu habari ikaanza kupoa. Lukelo akaja na wazo.

"Tunataka mfugaji wa kwanza kuachana kabisa na chapa ya moto," akasema. "Ongea na mzee."

Nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Baba, wanataka uache kuwachoma ndama chapa. Watakuja kukuchukua video."

 Nilikuwa nasikia ng'ombe nyuma yake.

"Wewe unasemaje?" akaniuliza.

Hilo swali sijalisahau mpaka leo. Hakuuliza Lukelo anasemaje. Hakuuliza mashine inasemaje.

Ule ndio ulikuwa wakati wangu wa kusema. Sentensi moja tu ingetosha.

"Acha tu baba," nikasema. "Simu itawajua."

"Haya. Kama umesema wewe, naacha."

Nelly akarudi bomani. Baba akakining'iniza chuma cha chapa juu ya nguzo ya zizi huku kamera inamwangalia. Hiyo nayo mliipenda sana.

Nilikuwa nimemnunulia simu kubwa, nikamfundisha kurekodi voisi. Tangu siku ile, kila ndama akizaliwa, baba ananitumia sauti.

"Jeremia, Milembe amezaa leo asubuhi. Jike. Mweusi, ana soksi nyeupe mguu wa nyuma wa kulia. Nimemwita Subira. Mweke."

"Jeremia, Pembe Moja naye tayari. Dume. Mwekundu, mkiani ana unywele mweupe. Mweke."

Zote ziliishia hivyo. Mweke.

Nilisikiliza tatu za kwanza. Kuanzia ya nne nikawa naweka kidole gumba bila kuzifungua. Nilikuwa na vikao. Nikajisemea nitazisikiliza nikitulia.

Siku moja nimekaa kwenye kiti cha kinyozi, nina mahojiano mchana ule, simu ikaniandikia kwamba imejaa. Klipu zangu za runinga zilikuwa nyingi, na Lukelo alitaka nikae nazo zote za kuwaonyesha wawekezaji. Nikapitisha macho kwenye orodha. Sauti za baba zilikuwa kama ishirini na kitu.

Nikaziwekea tiki zote. Nikafuta. Kinyozi hata mashine hakusimamisha.

Mwisho wa Sura ulikuja kimyakimya. Kuna mwekezaji mmoja, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alitualika shambani kwake Kibaha. Akamleta ng'ombe wake mwenyewe, akasema, "Msomeni huyu."

Lukelo akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Ng'ombe yule sikuwahi kumwona maishani mwangu.

Simu ikamwita Pembe Moja. Ng'ombe alikuwa na pembe mbili.

Yule mama hakugomba. Alitukaribisha chai, akatusindikiza mpaka getini. Wiki ile ile Lukelo akazima simu, ofisi ikafungwa, na mpaka leo sijui aliko. Nikadhani waandishi watatuchana. Wapi! Hakuna hata mmoja aliyerudi kuuliza. Walikuwa wameshahamia kwenye mashine nyingine, inayotabiri bei ya mpunga.

Nikarudi Ifakara. Baba nikamwambia niko likizo.

Nilipanga nimwambie ukweli Jumapili. Jumapili ikapita. Nikasema basi baada ya mvua.

Masika yakashuka kwa hasira. Maji yakajaa bondeni kwa siku moja. Ng'ombe wa maboma manne wakakimbizwa wote kwenye mwinuko mmoja, wakabanana huko siku tatu. Baba alikuwa nao muda wote, amesimama kwenye maji mpaka kifuani kuwazuia wasiteremke. Simu yake ilikuwa mfukoni. Ilikwenda na maji.

Maji yalipopungua, wenye chapa wakatenganishwa asubuhi moja tu, kazi ikaisha. Ng'ombe wakubwa wa baba walikuwa na chapa yake ya zamani. Mzee Mhoja alikuwa amewachoma wote, akachukua wake akaondoka.

Wakabaki thelathini na watatu wasio na alama. Mitamba na madume machanga.

Wangekuwa wananyonya bado, tungewaachia kila mmoja amfuate mama yake, mjadala umekwisha. Lakini walikuwa wameshaacha ziwa. Ishirini na sita kati yao walikuwa wetu. Maboma mengine mawili yalikuwa na saba ambao walikuwa hawajawahi kuchomwa. Ila ukipigwa na mafuriko, kila asiye na alama unamwona ni wako. Sikuwalaumu wale wazee. Kila mmoja alikuja na idadi yake, na kila mmoja aliamini anachosema.

Kesi ikaenda ofisi ya kijiji. Mwenyekiti wetu, Mzee Anselim, ni Mpogoro, mkulima wa mpunga, mtu wa haki. Maji yalikuwa yamechukua shamba lake lote, lakini alikuja amevaa shati safi, akatusikiliza.

Mzee Mhoja alisimama kututolea ushahidi. Alipoulizwa yupi na yupi, akashindwa kuwataja, akakaa.

"Mzee Shilinde," mwenyekiti akasema, "si kuna ile mashine ya kijana wako? Tuliiona wote kwenye simu. Ilete itusaidie."

Watu wakanigeukia. Nikafungua programu. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka...

"Mtandao?" mwenyekiti akauliza.

"Kampuni imefungwa, mwenyekiti."

Minong'ono ikaanza. Baba peke yake ndiye hakushtuka.

"Haidhuru," akasema. "Kila ndama aliyezaliwa kwangu nilimtaja kwa sauti, rangi yake na mama yake, nikamtumia mwanangu. Na tarehe zipo. Simu yangu imekwenda na maji. Ya kwake hiyo hapo."

Akaunyoosha mkono.

"Fungua simu, mwanangu. Wape wasikie."

Sasa mnajua.

"Baba..." nikasema. "Nilizifuta."

"Zote?"

"Zote."

Mwenyekiti akavua miwani. "Kwa nini, kijana?"

Nikasema ukweli, mara ya kwanza tangu niingie kwenye lile gari la vioo vyeusi. "Simu ilijaa."

Kuna mtu alicheka kule nyuma. Akagundua anacheka peke yake, akanyamaza.

Baba akaushusha mkono polepole. Akaomba ruhusa aende zizini. Tukamfuata wote. Akasimama kwenye ua, akaita, "Subira."

Mtamba mweusi mwenye soksi nyeupe mguu wa nyuma akainua kichwa.

"Subira," baba akaita tena, sauti imeanza kukatika.

"Mzee mwenzangu," Anselim akasema kwa huruma, "hata mimi nikiita atainua kichwa." Akaita. Wakainua watatu.

Wakagawanywa sawa kwa maboma matatu, kumi na mmoja kila boma. Subira akaenda kwa wengine. Nilimwona akiswagwa mpaka alipopotea nyuma ya matete, na baba hakugeuka kumwangalia.

Tukarudi nyumbani na wale wetu, baba nyuma ya ng'ombe, mimi nyuma ya baba. Alikuwa anakohoa tangu siku za maji. Nikaona siwezi tena kukaa na hili jambo.

"Baba, ile mashine haikuwahi kuwajua ng'ombe. Siku ile ya kamera nilikuwa ndani ya gari. Mimi ndiye niliyekuwa naandika majina."

"Najua."

Nikasimama.

"Umejua lini?"

"Siku ile ile." Wala hakugeuka. "Kabula kila mtu anamwita Kabula. Dada ulikuwa unamwita wewe peke yako, ukiwa darasa la tatu, unamkumbatia shingo. Ulikuwa unataka dada, na sisi Mungu hakutujalia. Simu iliposema Dada, nikajua umo mle ndani."

Kumbe kile kicheko... Nchi nzima ilisema mzee ameshangaa. Mzee wa watu alikuwa amemtambua mwanawe.

"Sasa baba, kama ulijua ni uongo, kwa nini ulikubali kuacha chapa?"

Hapo ndipo aliposimama. Akaegemea fimbo yake.

"Mimi simu sikuiamini hata siku moja," akasema. "Nilijua ndani yake yumo mtu anayewajua ng'ombe wangu kuliko mimi. Nikasema, nikimtajia yeye kila ndama, atamweka. Hayo maneno nilikuwa sikiambii chombo, Jeremia. Nilikuwa nakwambia wewe."

Nilipiga magoti njiani, kwenye tope. Akanishika bega, akasema, "Inuka, ng'ombe wanatawanyika."

Jumamosi iliyofuata akakishusha chuma kutoka kwenye nguzo. Mimi nikashika miguu, yeye akachoma, wote kumi na mmoja. Kila akimaliza mmoja anakaa chini kupumua. Nikamwambia apumzike nimalizie mimi, akakataa. Alisema anataka mkono wake uwe wa mwisho.

Kikohozi kile kilikuwa kichomi. Tulimvusha daraja kumpeleka hospitali Ifakara, akakaa siku sita. Siku ya saba nikarudi bomani bila yeye.

Baada ya matanga, mama akaniuliza swali moja.

"Jeremia, huna hata sauti yake moja nisikie?"

Nikapekua simu nzima. Nikapekua na mafaili yaliyofutwa, mimi si fundi? Nikajaribu kila ujanja ninaoujua. Hakuna.

Nilichokuwa nacho ni ile klipu.

Nikamchezea. Mama hakuitazama, aliiweka sikioni. "Ni yeye. Hiyo inawajua kweli." Na kile kicheko. Sekunde nne, na juu yake wameweka muziki.

Mama akaomba nirudie. Nikarudia. Mpaka sasa ananiomba, asubuhi akishakamua.

Ndugu zangu, funzo langu ni dogo. Ukiletewa mashine ya maajabu, kabla hujaisambaza, omba iletewe ng'ombe wa jirani. Na wewe mwandishi, ukishamtangaza mtu, siku moja rudi umuulize ilikuwaje. Sisi tungekuwa na ishirini na sita leo.

Na kama kuna sauti ya mzazi wako hujaifungua, umeiwekea kidole gumba tu, toka hapa kaifungue. Maoni utaandika ukirudi. Matusi pia, sasa nimekaa tayari.

Ile klipu bado ipo mtandaoni, sina uwezo wa kuifuta na nikiupata sitaifuta. Mkikutana nayo, mkafika pale mzee anapoweka mkono mdomoni anacheka, mjue hakuwa anaishangaa simu.

Alikuwa ameniona.